Diski za Filamu: Kupungua Kwake, Bei Yake na Haki za Mnunuzi

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji ambaye bado ana deki chini ya runinga yake, au ana kasha la diski kabatini, au ameulizia bei ya filamu dukani akastaajabu kwamba imepanda wakati wanunuzi wamepungua. Mifano imechukuliwa Songea, lakini mlaji wa Mbinga, Tunduru au Njombe ataitambua hali yake humu.

Jinsi diski ilivyoingia na inavyotoka

Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, filamu ilifika Songea kwa basi. Maboksi yalipakiwa Kariakoo, yakapita Iringa, Makambako na Njombe, yakashushwa baada ya safari inayokaribia kilomita elfu moja. Kutoka stendi yaligawanywa kwenye maduka ya mjini, Majengo, Bombambili na Lizaboni, na mengine yakaendelea na safari kuelekea Mbinga na Namtumbo. Filamu za Kitanzania hazikutegemea majumba ya sinema, kwa kuwa mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa au kugeuzwa matumizi. Zilitoka moja kwa moja kwenye diski, na wasambazaji wa Dar es Salaam kama Steps Entertainment ndio waliozifikisha mikoani. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umaarufu wake, tangu Songea hadi ng'ambo ya mpaka, ulikuwa umebebwa kwa sehemu kubwa na kipande hicho cha plastiki chenye upana wa sentimita 12.

Soko hilo lilianza kuugua likiwa bado na nguvu. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa diski ya nakala haramu, hasa ile iliyojaza filamu ishirini mahali pamoja. Mwaka 2013 Serikali iliweka utaratibu wa stempu za kodi kwa bidhaa za filamu na muziki, zilizotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili diski halali itambulike kwa macho. Stempu ilisaidia kutenganisha halali na haramu, lakini haikuweza kuifanya diski haramu iwe ghali. Aprili 2017 waigizaji wenyewe waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela kwa bei ambayo mtengenezaji halali asingeweza kushindana nayo.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mabadiliko ya vyombo. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na ving'amuzi vikaenea mikoani vikiwa na chaneli za filamu. Simu zikapata nafasi kubwa ya kuhifadhia. Deki nyingi zikawekewa tundu la flashi, na siku hiyo, kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, ndipo deki ilipoanza kuiua diski yake yenyewe: mwenye deki hakuhitaji tena kununua diski, alihitaji kijana wa dukani wa kumwekea filamu kumi kwenye flashi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 umeme wa Gridi ya Taifa ulipofika Songea kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, na kuiondolea manispaa utegemezi wa jenereta za dizeli, wengi walinunua runinga mpya. Runinga hizo hazikuhitaji deki kabisa.

Nje ya nchi mambo yalikwenda mkondo huohuo. Kampuni ya Netflix, iliyoanza kwa kukodisha diski kwa njia ya posta mwaka 1998, ilituma bahasha yake ya mwisho Septemba 2023. Duka kubwa la Marekani, Best Buy, liliacha kuuza filamu za diski mwanzoni mwa mwaka 2024. Februari 2025 Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray za kurekodia.

Kwa nini bidhaa isiyotakiwa inapanda bei

Mlaji amezoea kwamba bidhaa ikikosa wanunuzi hushuka bei. Nyanya zikijaa Soko Kuu, bei huanguka. Diski haifuati kanuni hiyo, na ni vyema kuelewa sababu kabla ya kumlaumu muuzaji.

Diski halali ya kiwandani haichomwi moja moja. Kiwanda hutengeneza kwanza bamba la chuma lenye umbo la filamu nzima, kisha hulitumia kugandamiza plastiki, nakala baada ya nakala. Gharama ya bamba ni ileile, ziwe nakala mia mbili au elfu tatu. Tuseme, kwa mfano tu, maandalizi yote yanagharimu shilingi 600,000. Zikitolewa nakala 3,000, kila moja hubeba shilingi 200. Zikitolewa 200, kila moja hubeba shilingi 3,000 kabla ya kava, kasha, kodi, nauli ya basi na faida ya duka. Muuzaji wa Songea naye, ambaye zamani aliagiza boksi zima, sasa huagiza diski kumi na kuzilipia nauli ya kifurushi. Bei inapanda kwa sababu wanunuzi waliobaki wanagawana gharama ambayo zamani iligawanywa kwa maelfu.

Hali ni hiyohiyo kwa deki. Fundi anayeombwa kubadilisha lenzi hupata kipuri kwa shida, mara nyingi kwa kukitoa kwenye deki nyingine iliyokufa.

Kupanda huku kwa bei kunaeleweka. Kisichokubalika ni muuzaji anayepandisha bei kwa kisingizio cha uhaba, kisha akauza diski iliyochomwa dukani kama ya kiwandani.

Kutambua unachonunua

Igeuze diski. Ya kiwandani huwa na rangi ya fedha upande wa kusomwa, kwa kuwa taarifa zimegandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa utando wa madini. Iliyochomwa huonyesha zambarau, samawati au kijani kibichi, kwa kuwa taarifa zimeandikwa kwa leza juu ya safu ya kemikali yenye rangi. Tofauti hii si ya urembo. Safu ya kemikali hufifia kwa joto, mwanga na muda, na diski ya aina hiyo inaweza kukataa kusomwa baada ya miaka michache hata kama haina mkwaruzo hata mmoja.

Hesabu pia yaliyomo. DVD ya kawaida ya tabaka moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Ikiandikwa kwamba ina filamu ishirini, kila filamu imebanwa kwenye takriban megabaiti 235, ilhali filamu moja ya kiwandani mara nyingi huijaza diski nzima au hata tabaka mbili. Ndiyo maana nyuso huonekana kama zimechorwa kwa vigae, na sauti hukwaruza. Aliyenunua ishirini kwa bei ya moja hakupata nafuu anayoidhani.

Tazama stempu, jina la msambazaji, na daraja la umri lililotolewa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Daraja hilo lina maana kwa mzazi: diski haramu haikupita kwa mkaguzi yeyote, na filamu ya kumi na tatu kati ya zile ishirini inaweza kuwa isiyofaa kabisa kutazamwa na mtoto.

Wapo wanaotafuta diski za filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zile ambazo msimulizi kama Lufufu alieleza kisa chote kwa sauti yake na kukitia utani wa mtaani. Nyingi hazipatikani kwenye huduma rasmi za kutazama mtandaoni, na zinapotea pamoja na diski. Hamu ya kuzitunza inaeleweka. Mlaji ajue tu kwamba tafsiri nyingi za aina hiyo zilifanywa bila idhini ya mwenye filamu, na anayezinakili leo kwa kuuza anagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA.

Diski inayoletwa na ndugu kutoka nje nayo ina mtego wake. DVD hupewa namba za kanda: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, Ulaya na Afrika Kusini ni kanda ya 2, na Tanzania pamoja na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa hazichagui kanda, lakini zipo zinazochagua, na kifaa cha kusomea DVD kwenye kompyuta kwa kawaida huruhusu kanda kubadilishwa mara tano tu. Blu-ray haisomwi na deki ya DVD kwa namna yoyote, hata kama kwa macho zinafanana.

Kununua deki iliyotumika

Kwa kuwa deki mpya zimeadimika, wengi hununua mtumba. Usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka na picha ya mwanzo pekee. Nenda na diski zako mbili, moja ya kiwandani na moja iliyochomwa, kwa sababu lenzi iliyochoka huweza kusoma ya kwanza na kuikataa ya pili. Kisha rusha filamu hadi sehemu yake ya mwisho. DVD ya tabaka moja husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na deki yenye hitilafu mara nyingi hukwama huko ukingoni. Kagua pia matundu ya nyuma. Runinga nyingi za sasa hazina matundu matatu ya nyekundu, nyeupe na njano. Kama deki haina tundu la HDMI, utalazimika kununua kigeuzi, na gharama yake iingizwe kwenye hesabu kabla ya kupatana bei.

Muuzaji akisema kifaa ni kipya, na aandike hivyo kwenye risiti.

Gharama ya njia mbadala

Kuacha diski si kosa. Ila mlaji afanye hesabu yake mwenyewe, asiifanyiwe na tangazo. Filamu ya saa mbili ikitazamwa mtandaoni kwa ubora wa kawaida hutumia takriban gigabaiti 2 za bando, na kwa ubora wa juu huweza kufika gigabaiti 6. Mtoto anayeirudia katuni moja mara nane hulipisha bando mara nane, isipokuwa iwe imepakuliwa ndani ya programu husika. Diski ilinunuliwa mara moja.

Jambo la pili ni umiliki. Kitufe kinachosema "nunua" kwenye huduma ya mtandaoni kwa kawaida hutoa leseni ya kutazama, na leseni huweza kukoma. Agosti 2022 wateja wa duka la PlayStation nchini Ujerumani na Austria walipoteza filamu za StudioCanal walizokuwa wamezilipia, baada ya mkataba kati ya makampuni kwisha. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2024 inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijiti wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Mlaji wa Songea asisubiri sheria ya namna hiyo ndipo asome masharti.

Muuzaji anapokosea

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au upya wa bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halimpi mtu ruhusa ya kuuza diski iliyochomwa kwa jina la diski halisi. Dai risiti ya mashine ya EFD, tunza kasha pamoja na diski, na urudi dukani mapema, ukiwa na utulivu. Wauzaji wengi wa mjini Songea wanawafahamu wateja wao kwa sura na hupendelea kubadilisha kuliko kushtakiwa. Ikishindikana, onana na afisa biashara wa halmashauri, au wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo pia husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Kwa filamu iliyonakiliwa kinyume cha sheria, COSOTA ndiyo yenye dhamana.

Diski ambazo hazina nakala dukani

Tumeiacha mwisho sehemu ambayo kwa kaya nyingi ndiyo yenye uzito kuliko zote. Filamu ya dukani ikipotea, pengine itapatikana kwingine. Diski ya harusi ya mwaka 2008, ya kipaimara cha Peramiho, ya mahafali ya kidato cha nne au ya mazishi ya babu haina nakala popote duniani isipokuwa ile iliyofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Mara nyingi ndiyo mahali pekee sauti ya marehemu ilipobaki. Na karibu diski zote hizo zilichomwa na mpiga video wa mtaani, kwa hiyo ziko kwenye lile kundi la safu ya kemikali linalofifia. Wenye diski hizo wasingoje deki ya mwisho ife.

Anza kwa kuzitoa na kuzitazama, zote, hadi mwisho. Picha zinazogandaganda ni dalili kwamba muda umebaki mchache. Safisha kwa kitambaa laini kilichoguswa maji safi kidogo, ukifuta kwa mstari mnyoofu kutoka katikati kwenda nje, kwa kuwa mkwaruzo wa kuzunguka huharibu mfululizo wa taarifa kuliko unaokatisha. Usipake dawa ya meno. Mchanga wake laini unaweza kuongeza mikwaruzo. Usiandike juu yake kwa kalamu ya wino mgumu wala kubandika karatasi, kwa sababu karatasi huitoa diski kwenye mizani inapozunguka. Kwa CD na VCD, upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi: taarifa zimelala chini ya utando mwembamba wa upande huo, na ukichubuka hazirudi. Zisimamishwe kwenye makasha yake, mbali na dirisha la jua na mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa masika.

Kisha zihamishwe. Kazi hii huweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kompyuta na kifaa cha kusomea DVD, ambacho siku hizi huuzwa kikiwa cha pembeni, cha kuchomeka. Ukimpelekea fundi, mwambie anakili folda nzima ya video iliyomo bila kuikata, na juu yake akutengenezee faili moja la MP4 ambalo simu na runinga zitalisoma. Bila agizo hilo, wapo wanaobana picha ili kuokoa nafasi, na kilichobanwa hakirudi. Patana naye kwa maandishi: diski ni ngapi, bei kwa kila diski, siku ya kuchukua, na nani atawajibika ikivunjika. Lipa kiasi, umalizie baada ya kutazama mwanzo, katikati na mwisho wa kila faili ukiwa palepale. Mwombe afute nakala zilizobaki kwenye kompyuta yake mbele yako. Picha za familia ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamzuia kuzitumia kwa matangazo au kuzigawa bila ridhaa yenu.

Flashi ya gigabaiti 64 hubeba DVD zilizojaa zipatazo 13. Jihadhari na flashi za bei ya kutupwa zilizoandikwa ukubwa wa ajabu: baadhi zimerekebishwa zidanganye kompyuta, na zikifika uwezo wake halisi huanza kufuta cha zamani kwa kuandika kipya juu yake, bila kutoa onyo. Ijaze yote siku uliyoinunua, kisha ufungue faili la kwanza na la mwisho, na urudi dukani siku hiyohiyo kama mojawapo halifunguki. Flashi nayo si ya milele. Weka nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja nyumbani na kingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na uzifungue angalau mara moja kwa mwaka, labda Desemba wakati wengi mnaporudi nyumbani.

Diski ya asili isitupwe baada ya hapo. Irudishwe kwenye kasha, na ndani yake iwekwe karatasi yenye tarehe ya tukio, mahali, na majina ya wanaoonekana kwa utaratibu wa kutokea kwao, yaandikwe sasa wakati bado yupo mzee anayewatambua.